Mke wa Tatu wa Tessard

Afisa wa mfalme alipopanda kutoka mtoni, Perrine alijua amefuata nini. Binti yake Jacquette alikuwa ametimiza miaka kumi na sita, na amri ilikwisha kusomwa kanisani: mfalme anataka Kanada ijae watu, na baba anayekaa na mwari nyumbani atatozwa faini. Nyuma ya afisa alikuja Tessard wa ng'ambo, kofia mkononi. Alikuwa amezika wake wawili, na asiye na mke alikatazwa kuingia msituni kuwinda.

"Jirani," Perrine alimuuliza, "yule wa kwanza alikufa kwa nini?"

"Uzazi."

"Na wa pili?"

"Alitoka nje usiku wa theluji." Tessard alikuwa akitazama kuni zilizopangwa ukutani. "Hakurudi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mama, hili si baraza la hukumu," afisa alisema kwa upole. "Mfalme hahesabu waliokufa. Anahesabu wanaozaliwa."

Mathurin, mume wa Perrine, hakuinua macho. Mwaka uliopita walimtoza kwa ajili ya mwanawe mkubwa ambaye hakuwa ameoa, na ng'ombe akaenda. Akasema, "Haya. Mchukueni."

Jacquette aliolewa Jumamosi ile. Mto ukaganda. Kila alfajiri Perrine alisimama mlangoni akitafuta moshi wa ng'ambo, na akiuona ndipo alipowasha moto wake. Siku moja baada ya Krismasi moshi haukuonekana. Alichukua shoka, akavuka barafu peke yake.

Alimkuta binti yake amejikunja chini ya ngozi ya dubu, midomo ya buluu, mimba changa tumboni. Tessard alikuwa ameingia msituni tangu juma lililopita. Shoka kaondoka nalo, na jiwe la kuwashia moto pia.

"Alisahau," Jacquette alinong'ona.

"Ndiyo, mwanangu. Mwenye kusahau amesahau." Akambeba mgongoni hadi nyumbani.

Barafu ilipoyeyuka, afisa alirudi. Alipoliona tumbo la Jacquette uso ukamnawiri. Kisha akasema mke hana ruhusa ya kukaa mbali na nyumba ya mumewe, na kesho askari watakuja kama hatatii. Kule ufukweni Tessard alikwisha kuleta mtumbwi.

Jacquette akafunga blanketi lake. Perrine akamtangulia mtoni, akaingia mtumbwini, akaketi katikati na shoka mapajani.

"Mama mkwe, wewe waenda wapi?" Tessard aliuliza.

"Kwako."

"Afisa hakusema hivyo."

"Amesema mke arudi. Mama hakumtaja." Akamnyooshea binti yake mkono apande. "Piga kasia, baba. Maji yanapanda."

Tessard alimtazama afisa aliyesimama juu ya ukingo. Afisa alikuwa akiandika. Basi Tessard akasukuma mtumbwi, akapiga kasia mpaka ng'ambo.