Kalori Elfu Mbili za Shemeji

Daktari wa figo alitaka kilo tisini. Shemeji yangu alikuwa na tisini na sita, na wiki kumi na mbili za kupunguza kilo sita.

Figo zote mbili za dada yangu zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, kwa muda wa saa nne kila mara. Mama alikataliwa kutoa figo kwa sababu ya umri, mimi kwa sababu damu yangu haipatani na yake. Aliyebaki ni mume wake, fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Bonge, na vipimo vyake vyote vilikuwa safi isipokuwa cha mizani. Akifika tisini kwa tarehe iliyopangwa, anampa mkewe figo. Asipofika, nafasi yao ya upasuaji wanapewa wengine.

Mimi ni fundi wa maabara chuoni. Kazi yetu ni kupima nguvu anayotumia mtu akifanya mazoezi. Anavaa barakoa yenye bomba, anatembea au anakimbia juu ya mkanda, nasi tunapima oksijeni anayoitumia, dakika kwa dakika. Kutoka hapo tunapata kalori. Kwa hiyo familia iliponiambia kwamba msomi wa mambo haya ni mimi, sikukataa. Nilifurahi, hata.

Nilimwandalia shemeji ratiba ya ukurasa mmoja. Mtu wa umbo lake anayeshinda amekaa kwenye cherehani hutumia kama kalori elfu mbili na mia tano kwa siku. Nilimpunguzia mia tano na hamsini katika chakula. Kisha, kwa kuwa sikutaka adhoofike kabla ya kupasuliwa, nikaandika afanye mazoezi saa moja, siku sita kwa wiki, na kwamba siku ya mazoezi aongeze chakula sawa na kile alichokichoma. Kwa hesabu hiyo angepungua nusu kilo kila wiki na kufika kwa wakati.

Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, sebuleni kwa mama.

"Shemeji, hapa unasema nile nilichochoma. Nitakijuaje?"

"Mashine ya jimu itakuonyesha. Ingiza uzito wako wa kweli, usiibe."

"Nimwibie nani, mashine? Ina jicho kali kuliko la mama mkwe."

"Nakusikia, Bonge," mama akasema kutoka jikoni.

"Ndiyo maana nimesema, mama. Sisengenyi mtu."

Wiki ya tatu nilikwenda jimu kuhakikisha. Alikuwa juu ya mashine ya kutembelea, jasho limemlowesha fulana hadi kiunoni. Nilitazama kioo cha namba. Uzito: tisini na sita. Mwendo: kilomita tano na nusu kwa saa. Mwinuko: asilimia sita. Saa ilipotimia kioo kilisema mia sita na hamsini. Nilipiga hesabu kwa kanuni tunayotumia chuoni, nikapata mia sita hamsini na moja. Nikaondoka nimeridhika.

Wiki ya kumi na mbili mizani ya hospitali ilisoma tisini na tatu. Kilo tatu badala ya sita. Nafasi yao ikatolewa kwa wengine, nao wakaambiwa warudi kupimwa baada ya miezi mitatu.

Jumapili iliyofuata tulikaa kwa mama, sote wanne. Nilikuja na karatasi. Sikupandisha sauti, sipandishi sauti. Nilieleza kwamba kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori elfu saba na mia saba, kwamba kilo tatu zilizokosekana zinalingana na karibu elfu mbili kila wiki, na kwamba kalori hazitoki hewani.

"Kuna elfu mbili zinazoingia mdomoni kila wiki na haziandikwi," nikasema.

Shemeji alitoa daftari mfukoni, lile alilokuwa akiandikia kila tonge. "Yote yamo humu."

"Yaliyomo humo nimeyajumlisha. Nazungumzia yasiyomo."

"Shemeji, nikila yai naandika yai. Juzi nimeandika hadi kipande cha mkate alichokiacha mteja."

"Namba hazina shemeji," nikamwambia. Sentensi hiyo niliipenda nilipoitamka. "Kama unaogopa kisu, sema unaogopa. Figo ni yako. Lakini usimfiche mwenzako mpaka siku zimpite."

Mama alisema, polepole, kwamba njia ya mwongo ni fupi. Dada alikuwa akimtazama mumewe kama mtu anayesoma barua aliyoitazamia kwa muda mrefu. Shemeji aliniuliza jambo moja tu.

"Hesabu yako ndivyo inavyosema?"

"Ndivyo inavyosema."

"Basi sijui," akasema, na akarudisha daftari mfukoni.

Usiku huo dada alilala kwa mama, na kesho yake akatuma nguo zake zifuatwe. Shemeji hakubishana. Aliendelea kuja asubuhi za hospitali, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, akampeleka, akamngoja, akamrudisha, na dada akashuka garini bila kumuaga. Mama alinisimulia hayo kwa simu. Nilimjibu kwamba majuto ni mjukuu. Najua nilisema hivyo kwa sababu nakumbuka nilikuwa nimesimama wapi.

Siku ya kumi baada ya kikao, Bonge akaja chuoni. Alisimama mlangoni mwa maabara, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, kama amenyanyuka tu kwenye cherehani akaja.

"Nipime," akasema.

"Nikupime nini?"

"Hicho unachowapima wengine. Mimi nimechoka kubishana na mwili wangu. Kama naiba, unikamate hapa hapa na vyombo vyako."

Nilikuwa na saa mbili zisizo na mtu. Nilimkalisha kwanza robo saa na barakoa, apumue tu, nikaandika anachotumia akiwa ametulia: kama kalori mia moja kwa saa. Kisha nikampandisha kwenye mkanda. Mwendo ule ule wa jimu, mwinuko ule ule.

Kabla mkanda haujaanza kuzunguka, alikamata vyuma viwili vya pembeni kwa mikono yote miwili. Aliegemea mbele, viwiko vimekaza, mabega yamebeba sehemu ya uzito, na akaanza kutembea. Alitembea vizuri, kwa mpigo mmoja, kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi.

Nilitazama vile vyuma kwa muda. Halafu nikatazama namba. Baada ya dakika ishirini zilikuwa zimetulia, na hazikuonyesha mia sita na hamsini kwa saa. Zilionyesha mia nne na thelathini.

Nilisimamisha mkanda, nikamvua barakoa.

"Jimu nako unatembea hivi? Umeshika?"

"Siku zote. Goti hili la kushoto, shemeji. Kanyagio la cherehani limelila miaka ishirini. Nikiachia tu, naanguka puu, wanacheka." Alijifuta uso. "Si ulikuja ukaniona?"

Hakulisema kwa kunilaumu. Aliuliza tu.

Nilikuwa nimekwenda. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake saa nzima, na sikumbuki mikono yake ilikuwa wapi. Nakumbuka namba zote.

Niliketi mezani nikafanya hesabu upya. Mashine ya jimu haikuwa mbovu. Ilikuwa imehesabu, kwa usahihi, nguvu ya mtu wa kilo tisini na sita anayebeba uzito wake wote kwa miguu, si anayeuegemeza kwenye vyuma. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa langu peke yangu, wala halikuhitaji goti. Katika zile mia nne na thelathini, mia moja angezitumia hata akiwa amekaa kwenye kiti, nami nilikuwa nimekwisha kuziweka katika elfu mbili na mia tano za siku. Nilizihesabu mara mbili. Kila mwaka nasimama mbele ya wanafunzi nawaambia watoe kwanza kile ambacho mwili ungekitumia ukiwa umetulia. Asiyetoa, namkata alama.

Basi mazoezi yake yalimgharimu kalori mia tatu na thelathini. Mimi nilimwagiza ale mia sita na hamsini. Tofauti ni mia tatu na ishirini. Mara siku sita, ni elfu moja mia tisa na ishirini.

Ndizo elfu mbili zangu. Ni zile zile. Zilikuwa zimeingia mdomoni mwake, ndiyo, na zilikuwa zimeandikwa, kwa mwandiko wangu, katika karatasi aliyoipokea kwa mikono miwili.

Uso uliniwaka. Lazima niseme pia nilichofikiri kwanza, kwa kuwa kilikuja kabla ya aibu: kwamba ningeweza kumwambia mashine za jimu haziaminiki. Ni kweli, mara nyingi haziaminiki. Hakuna ambaye angeuliza zaidi. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa.

"Vipi?" akauliza. "Nimeiba?"

"Hukuiba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ulikula nilichokuandikia. Nilikuandikia vibaya."

Aliivua tepu shingoni, akaizungusha kidoleni. Kisha akacheka, kicheko kifupi.

"Unajua nilianza kujishuku? Nilifikiri labda naamka usingizini nakula. Wiki nzima nimefunga kabati la jikoni kwa uzi, ili nikilifungua nijue."

Sikuweza kucheka. Nilimwomba msamaha. Maneno yalitoka makavu, kama ninasoma matokeo ya kipimo, kwa sababu sina mengine. Alisema, "Haya, shemeji," akainama kufunga viatu vyake, na alichukua muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji.

Jioni ile nilikwenda naye kwa mama. Nilisema yote nikiwa nimesimama, mbele ya watu wale wale, bila karatasi. Mama alimwendea Bonge akamshika mkono, akasema, "Nisamehe, mwanangu, nilikuita mwongo." Kisha akanigeukia. "Nawe umekosea kama binadamu. Yamekwisha."

"Hayajaisha," dada akasema.

Alikuwa amekaa kwenye kochi, mkono wa kushoto juu ya mto, ule wenye mshipa uliovimba kwa sindano.

"Wewe mtu wa hesabu. Miezi mitatu, kila wiki mara tatu. Ni mara ngapi?"

"Kama thelathini na sita."

"Na kila mara sindano mbili."

"Sabini na mbili."

"Ahsante," akasema. "Nilitaka uzijue." Akamtazama mumewe na hapo ndipo sauti ilipomkatika. "Mimi nililala na mtu miaka kumi na sita, na nikaamini karatasi."

Bonge alikwenda kukaa kando yake. Mama akanivuta jikoni, lakini dada aliniita nikiwa mlangoni.

"Kesho ni Alhamisi. Mume wangu atakuwa kazini, ana siku nyingi hajashona. Utanipeleka wewe."

Nilikuwa sijawahi kumpeleka. Nilizijua takwimu za kusafisha damu: mwendo wa pampu, lita zinazopita, chumvi zinazotolewa. Chumba chenyewe nilikuwa sijakiingia. Vitanda vilikuwa vinane, na kila kitanda na mashine yake. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani mikubwa, alimchoma dada sindano ya kwanza, kisha ya pili. Dada hakugeuza uso. Mimi niligeuza.

"Leo Bonge yuko wapi?" muuguzi akauliza.

"Kazini," dada akajibu, akafumba macho.

"Na huyu?"

"Mdogo wangu."

"Aaa! Yule wa maabara!" Muuguzi alinitazama juu ya miwani, akatabasamu. "Shemeji yako hachoki kukutaja hapa. Hata wiki iliyopita nilimtania, nikamwambia, Bonge, mbona hupungui, unatuletea mchezo? Akasema, 'Hapana, mama, ratiba yangu ameandika mdogo wa mke wangu, na yule hakosei. Kosa litakuwa kwangu.'"

Wiki iliyopita. Niliipeleka akili kwenye tarehe. Ilikuwa baada ya ile Jumapili.

Dada hakufumbua macho, lakini nilijua hajalala.

"Kosa lilikuwa langu," nikamwambia muuguzi. "Nilikosea hesabu. Yeye alifanya kila kitu sawasawa."

"Loo," akasema. Alingoja kama kuna zaidi, na alipoona hakuna, akaandika presha ya dada kwenye jedwali, akasogea kitanda cha pili.

Nilivuta kiti. Damu ilikuwa ikitoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. Zilikuwa zimebaki saa tatu na dakika hamsini.