Santuri Kifuani mwa Dorca

Asubuhi, kabla ya kumimina mafuta kwenye karai, Agneta alivunjia santuri gotini na kuvisukuma vipande chini ya kuni mbichi. Mwaka huo wa 1991, wanawake wengi wa mtaa wa Manyatta waliokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki viwanda vikishachukua minofu, walifanya vivyo hivyo. Kuni zilikuwa adimu. Watu walikuwa wamehamia kwenye kaseti, na kiwanda cha santuri kikawa kinamwaga mali yake isiyouzika kwenye uwanja nyuma ya nyumba zao. Wanawake walishukuru. Santuri zilishika moto upesi.

Moshi wake ulikuwa mweusi, tena uliimba. Gitaa lilipanda kwanza, sauti ikafuata, kisha masizi yakatua juu ya nguo zilizoanikwa. Wateja walisema samaki waliokaangwa kwa benga, muziki huo wa magitaa wa Kijaluo, walikuwa na ladha zaidi.

Mwezi wa Juni, Dorca, binti yake wa darasa la kwanza, alianza kukohoa benga. Gitaa moja lilitangulia, la pili likalijibu, kisha mwimbaji akawataja wafadhili wake mmoja mmoja, kama ilivyo desturi ya nyimbo hizo. Tabibu wa zahanati alisikiliza kifua hadi wimbo ukaisha. Akaeleza kwamba ule ulikuwa upande wa pili. Upande wa kwanza ulikuwa umekwisha kuziba. Akatoa dawa ya maji.

Agneta aliacha kuchoma santuri, lakini moshi wa majirani uliendelea kuingia dirishani. Alipomsihi Apiyo wa nyumba ya pili naye aache, Apiyo aliendelea kugeuza samaki.

"Mama Dorca, sasa nichome nini? Vidole vyangu?"

Habari zikaenea. Waliotajwa katika nyimbo walikuja kujisikia wakisifiwa. Mwalimu mkuu mstaafu alitoka Asembo Bay akiwa amevaa tai. Mjane mmoja alimsikia marehemu mumewe akiitwa simba, akafuta machozi, akanunua samaki. Mwishowe alifika Bwana Oketch, mwenye kiwanda cha santuri, ambaye alisifiwa karibu katika kila santuri. Alikuja na kiti chake cha kukunja.

Agneta alimngoja aketi, kisha akamwomba aliondoe lile rundo la santuri.

"Lile si langu tena, Mama," Oketch alisema kwa upole. "Mimi nilitupa, nyinyi mkaokota. Mtoto bado hajafika kwa jina langu?"

"Akifika huko, pumzi itakuwa imemwishia."

"Basi mpe maji kidogo."

Dorca alikunywa, akakohoa. Jina la Oketch lilitoka waziwazi, pamoja na la baba yake na sifa za ng'ombe wake. Oketch alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaomba lirudiwe. Mara ya pili wimbo ulikatika, ukabaki mkwaruzo wa sindano iliyofika ukingoni. Agneta alimpakata mwanawe mpaka mkwaruzo nao ukanyamaza.

Oketch alivua kofia. Alingoja kidogo, kama mtu anayengoja santuri igeuzwe, kisha akakunja kiti.

Mchana lori la kiwanda lilimwaga shehena nyingine. Wanawake waliokuja kulia waligawana santuri kwa utaratibu, maana waombolezaji walipaswa kulishwa. Apiyo akawasha moto. Moshi ulipopita juu ya mapaa ulimtaja Bwana Oketch, na yeye, akiwa njiani kurudi, hajafika hata Kondele, akasimama kando ya barabara kusikiliza.