Meno ya Mheshimiwa Kittredge

Siku moja kabla ya kufungua maonyesho, mama mzee nisiyemjua aliingia kwenye hifadhi ya nyaraka ninakofanya kazi bila kugonga, akaipita meza yangu, akasimama mbele ya kabati la kioo. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hayo meno ni ya baba yangu," alisema.

Kadi niliyoipiga chapa kwa fahari ilisema wazi: Meno ya bandia ya Mheshimiwa Ambrose Kittredge, mwanasheria wa jiji. Nyaraka zake binafsi zilikuwa bili za kofia na barua za kujisifu. Meno ndiyo kitu pekee humo kilichofanana na binadamu.

"Mama, yametoka kwenye kasha la vitu vyake vya nyumbani."

"Sikatai. Kabla ya hapo yalitoka kwenye paja la polisi."

Akavuta kiti. Aliitwa Bronia Wasielak. Mwaka 1912 baba yake, Kazimierz, alikuwa na baa karibu na machinjio. Polisi walikuja kuifunga Jumapili, siku iliyokatazwa kuuza pombe, mmoja akamtukana mke wa Kazimierz, Kazimierz akamng'ata polisi huyo paja. Polisi alipokimbia, meno yakaenda naye.

"Kittredge akayaweka mezani mahakamani, kielelezo namba nne. Baba alipotoka jela akayaomba. Kila akienda, anaambiwa arudi wiki ijayo. Amekula supu ya kabichi mpaka tunamzika. Lile jino la dhahabu unaliona? Ni pete ya ndoa ya mama, iliyeyushwa. Nililitambua juzi kwenye picha ya gazeti."

Nilifungua kabati nikayageuza. Kwenye kaakaa palikuwa na namba 4 ya wino. Mimi, na shahada yangu, nilikuwa nimeandika kwamba ni namba ya daktari wa meno.

"Nipe basi."

"Siruhusiwi kutoa kitu cha hifadhi, mama."

"Kuandika jina lake je, unaruhusiwa? Au nalo hadi wiki ijayo?"

"Kesho tukifungua, litakuwepo," nilisema.

Jioni akaja Bi Lavinia Kittredge, mjukuu wa mwanasheria, aliyelipia maonyesho pamoja na mshahara wangu. Akaisoma kadi mpya.

"Unataka watu wajue babu aliiba meno ya mlevi?"

"Hatujaandika aliiba. Tumeandika hayakurudishwa."

"Usinichezee, kijana. Asubuhi nikute kadi ya zamani. La sivyo utafute watu wengine wa kuwafundisha historia."

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu chuo. Nilikuwa nimezipenda hata zile bili za kofia. Usiku sikulala vizuri, lakini kadi sikuigusa.

Asubuhi Bi Lavinia aliisoma tena, akavaa glavu zake taratibu, akaniambia nikatoe vitu vyangu mezani. Alisema kwa sauti ndogo, maana meya alikuwa karibu, anayashangaa meno.

Bronia alikuja amevaa kofia ya kanisani. Akasoma polepole, kidole juu ya kioo: Meno ya bandia ya Kazimierz Wasielak, mwenye baa. Yalichukuliwa mahakamani na Ambrose Kittredge. Hayakurudishwa.

Akapangusa kioo kwa mkono wa koti.

"Alikuwa na baa mbili," akasema. "Na ya pili ndiyo ilikuwa nzuri."

Ufunguo wa kabati bado ulikuwa mfukoni mwangu. Nikafungua, nikaitoa kadi, nikashika kalamu.