Chemchemi ya Ukurasa wa Tisini na Mbili

Ukurasa wa tisini na mbili wa mswada wa filamu ndio ulionitia wazimu. Kabla ya hapo nilikuwa nimevumilia mengi. Watu wa filamu walibadilisha rangi ya joka la gemu yangu, nikanyamaza. Wakamtafutia shujaa wangu mchumba asiye na kazi yoyote ila kuvua shati, nikacheka tu. Lakini ukurasa ule, ebo! Shujaa anajitosa kwenye chemchemi ya ajabu, mguu wake uliopinda unanyooka, anatoka mbio.

Ule mguu si wa kubuni, jamani. Ni wa mdogo wangu. Miaka minane iliyopita, gemu ikiwa bado ni ndoto yangu na kompyuta moja mbovu, nilimbandika nukta za kunata kwenye viungo vyote, nikapanga kamera nne sebuleni, nikamtembeza kutoka kabatini hadi mlangoni mara arobaini. Kompyuta ikasoma kila hatua: bega la kushoto linavyotangulia, kisigino kinavyochelewa, kichwa kisivyoinama hata kidogo. Shujaa wa gemu akatembea hivyo hivyo, na watu wakampenda hivyo hivyo. Sasa, haki ya Mungu, nani kawaambia anataka kuponywa?

Uzuri ni kwamba mkataba ulisema wazi: bila sahihi yangu kwenye mswada, hakuna filamu. Nikampigia simu mdogo wangu.

"Twende wote. Nataka wakutazame usoni wakisema upuuzi wao."

"Kaka, nina watu wa kung'oa meno leo," alijibu. Yeye ni daktari wa meno. "Wewe nenda kagombane, umeshazoea."

Nikamng'ang'ania mpaka akafunga kliniki.

Lifti ya ofisi yao ilikuwa imeharibika. Ghorofa nne! Nikaanza kufoka pale pale mapokezi, eti kampuni ya filamu ya mabilioni haina hata lifti. Mdogo wangu alikuwa keshafika ngazi ya sita. "Njoo bwana," aliniita, "ni ngazi tu hizi."

Mwongozaji alitupokea kwenye chumba chenye meza ndefu ya kioo na chupa za maji zilizopangwa kwa mstari. Alikuwa na watu wake watano, kila mmoja na mswada mbele yake. Akaanza kunivika kilemba cha ukoka: mimi gwiji, mimi sina mfano. Kisha akaja kwenye lake.

"Filamu hii ni ghali mno, kaka. Watazamaji lazima watoke na matumaini."

"Matumaini ya nini?" nikawaka. "Ya kutofanana naye?" Nilipiga meza, chupa mbili zikaanguka, maji yakatapakaa. "Mwenye mguu huyu hapa! Haya, mtazameni! Mwambieni mbele ya macho yake kwamba ni kasoro ya kurekebishwa!"

Wote wakainamisha vichwa. Nilijiona nimeshinda, nisiwafiche.

Mdogo wangu akachukua karatasi za shashi, akafuta maji yangu, halafu akaomba ukurasa wenyewe. Aliusoma polepole. Akaguna.

"Chemchemi hii naijua," alisema. "Nilipelekwa kwenye maji ya namna hii mara tatu. Ya mwisho nilikuwa na miaka tisa. Mama aliambiwa nizame mara saba, nami nikazama zote saba. Mnajua nilitokaje?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Nimelowa."

Mmoja wao alicheka, akajiziba mdomo.

"Cheka tu, inachekesha. Basi mwandikeni hivyo. Aingie, atoke vilevile, aombe taulo, aendelee na safari yake."

Mwongozaji alikuwa ameshika kalamu. "Na nani anamsubiri nje?"

"Huyu." Alinionyesha kwa kidevu. "Alikuwa na miaka kumi na minne, kashika taulo langu. Nilipopiga hatua ya kwanza akaona ni ileile, alilia mpaka akakaa chini. Mimi natetemeka kwa baridi, yeye anafutia machozi taulo langu! Tangu siku hiyo ana hasira na dunia nzima kwa ajili yangu. Hajaniuliza hata mara moja kama mimi ninayo."

Nikamgeukia. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Unayo?"

"Leo ninayo," alisema. "Umenitoa kazini kwangu, ukanileta mbele ya watu nisiowajua, ukawaambia watazame mguu wangu. Hawa angalau waliandika kwenye karatasi."

Nikakaa. Masikio yalikuwa yananiwaka moto. Mwongozaji alinisogezea mswada na kalamu, akaniuliza kwa upole tufanyeje sasa. Nikausogeza mbele ya mdogo wangu. Akatoa miwani yake mkobani, akaufungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma, nasi sote tukasubiri.