Kura za Siri Ilembo

Mwaka ule watu wa Ilembo walianza kwa kuibiwa kuku. Baada ya kuku zikafuata sufuria zilizoanikwa nje, halafu nguo kwenye kamba, halafu paneli za sola juu ya mapaa. Kufikia Agosti hakuna aliyethubutu kuacha nyumba bila mtu. Familia nyingine ziligawana Misa ya Jumapili, baba anakwenda ya kwanza, mama ya pili, ili mmoja abaki kulinda.

Lawama zote zilimwangukia Suzana, mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, anaishi na mama yake, bibi Rozalia, pamoja na mdogo wake Gaspar. Baba yao alifariki Gaspar akiwa bado ananyonya, kwa hiyo Suzana ndiye aliyembeba mgongoni, akamsomesha, akamnunulia suruali yake ya kwanza ndefu. Gaspar alikuwa amerudi kutoka Inyonga, alikokwenda kufanya kibarua cha tumbaku, na tangu arudi hakuwa na kazi ya kueleweka.

Kisha katika mtaa wa jirani kijana mmoja akakamatwa akiwa na televisheni ya watu. Wananchi walimpiga mpaka akafa, polisi wakakuta maiti. Suzana alipoenda kwenye msiba ule alirudi hawezi kula. Kesho yake akaitisha mkutano.

"Sitaki damu kwenye mtaa wangu," aliwaambia. "Tutapiga kura za siri. Kila mtu aandike jina la anayemshuku, polisi wachunguze. Basi."

Polisi kata alikubali, ila akaonya kwamba kutajwa si kupatikana na hatia.

Jumamosi asubuhi watu wakajaa kwenye uwanja wa shule. Karatasi zilichanwa kwenye madaftari, zikatumbukizwa kwenye boksi la sabuni. Bibi Rozalia naye alijikongoja hadi mbele, akatumbukiza ya kwake, akarudi nyumbani.

Kura zilihesabiwa ndani ya darasa, mlango umefungwa. Suzana alisoma, polisi kata akasikiliza, na Naseeb, mwenye duka aliyeibiwa simu sita, akaandika ubaoni.

Karatasi ya nne ilisema Gaspar. Suzana aliisoma kwa sauti ya kawaida, akijiambia kwamba mwenyekiti hakosi maadui. Ya saba, Gaspar. Ya kumi na moja, Gaspar. Ya ishirini, Gaspar. Ile iliyofuata aliikunja akaificha kiganjani.

"Mwenyekiti," Naseeb alisema taratibu, macho yake ubaoni, "na hiyo isome dada yangu."

Akaikunjua. Akaisoma.

Karibu na mwisho ikatoka karatasi yenye herufi kubwa zilizolala upande, S imegeuzwa kinyume. GASPARI. CHINI YA KITANDA CHAKE. Suzana aliujua mwandiko huo. Kwenye nyumba yao kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejifunza kuandika ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na hakuwahi kuizoea S mpaka leo. Na ni yeye tu aliyemwita mwanawe Gaspari.

Alisoma jina tu.

"Kuna maneno mengine hapo," polisi kata alisema, akanyoosha mkono. Suzana akampa karatasi.

Walimkuta Gaspar uani anakula viazi vya kuchemsha. Chini ya kitanda, ndani ya gunia, zilitoka paneli mbili na simu nne za Naseeb. Gaspar hakukimbia. Alikaa akiwatazama wakimfunga pingu, halafu akamgeukia Suzana.

"Ni wewe, dada? Ni wewe umewaambia pa kutafuta?"

Bibi Rozalia alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, pindo la khanga mdomoni. Suzana alimtazama, akamgeukia mdogo wake.

"Ni mimi," akasema.

Gaspar alitema kiazi kilichokuwa mdomoni. Gari likaondoka naye.

Walipobaki wawili, Suzana alikaa kwenye kizingiti na kulia kama mtoto. "Mama, kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungemtorosha," mama yake alijibu. "Ungempa nauli arudi Inyonga. Angeiba huko, na huko wangemkamata watu wasiomjua. Yule kijana wa televisheni, unajua mama yake alimtambua kwa kitu gani? Kwa soksi, Suzana. Alimtambua kwa soksi." Akafuta macho. "Nimemsema, nimemlilia, hasikii. Nikaona wa kwangu bora nimwone nyuma ya nondo, lakini anapumua."

Mahakama ilimpa miaka mitatu. Mtaani kukatulia kidogo, watu wakampongeza Suzana kwa kutompendelea ndugu yake. Aliwashukuru, na mwezi uliofuata akaandika barua ya kuacha uenyekiti. Novemba, kuku wakaanza kupotea tena.

Mama yake alitaka sana kumwambia Gaspar ukweli. Suzana alikataa kabisa. "Akikuchukia na wewe, mle ndani atabaki na nani?"

Kwa hiyo kila siku ya kutembelea wafungwa huenda pamoja. Mara ya kwanza Suzana aliandikisha jina lake getini, askari akaenda na kurudi akiona aibu kusema: mfungwa anasema hana dada. Tangu hapo mama huingia peke yake, na Suzana husubiri nje kwenye benchi, juani.

Juzi bibi Rozalia alitoka akitembea polepole kuliko siku zote. Suzana akamshika mkono.

"Anaendeleaje?"

"Amekonda kidogo. Kikohozi kimepoa. Wanamfundisha useremala."

"Kaniulizia?"

Mama yake akajifunga khanga upya, ingawa haikuwa imelegea.

"Twende mwanangu," akasema. "Bajaji ile inaondoka."