Kifurushi cha Ña Deolinda

Zilikuwa zimebaki siku nne Nilsa apande ndege kwenda Hispania, na tayari meza ya mama yake ilikuwa imejaa vifurushi vya watu.

Hakuna nyumba pale Yaguarón, Paraguay, isiyokuwa na mtoto huko ng'ambo. Ikisikika tu kwamba fulani anasafiri, kabla barafu ya terere, ile chai baridi ya asubuhi, haijayeyuka, mtu ameshapiga makofi ya hodi langoni. "Kakitu kadogo tu, binti yangu, wala hakana uzito." Nilsa alikuwa mwalimu mpya wa miaka ishirini na mitatu, na hakujua kumkatalia mtu. Alipokea kila kitu, akashukuru, akapanga mezani.

Dada yake Zunilda, aliyekuwa akimngoja kule Zaragoza, Hispania, na mtoto wa kubatizwa, alimtumia ujumbe wa sauti.

"Nilsa, nakujua wewe. Barua ya mwaliko unayo, bima unayo, tiketi ya kurudi unayo. Nakala ya pasipoti weka mbali na pasipoti yenyewe. Sasa nisikilize: usibebe kitu ambacho hukukifunga kwa mikono yako. Watakuuliza pale mpakani, na wewe ukidanganya unakuwa mwekundu mpaka masikioni. Watakurudisha na ndege ileile, na mwanangu atabatizwa bila mama wa ubatizo. Nimekungojea wewe mwezi mzima, na padri ameshaanza kunung'unika."

Nilsa alivitazama vile vifurushi. Vingi vilikuwa mifuko ya kawaida iliyofungwa fundo, lakini kimoja kilikuwa kimeshonwa pande zote kwa uzi mwekundu, kigumu kama tofali. Kilikuwa cha Ña Deolinda, yaani Bi Deolinda jirani wa upande wa pili wa barabara, cha kumpelekea mwanawe Arsenio huko Hispania.

Hapo ndipo alipokwama. Mwaka ule mama yake alipolazwa miezi miwili, ni Ña Deolinda aliyevuka barabara kila adhuhuri na sufuria ya supu, akakaa mpaka Nilsa amalize kula. Mwanamke huyo utamwambiaje afungue mzigo wake, kama vile yeye ni mwizi au mlanguzi?

"Usimwambie kitu," mama yake alisema, akimimina maji baridi. "Pokea, cheka naye, ukifika Asunción, kabla ya kupanda ndege, mwachie shangazi yako. Wote ndivyo wanavyofanya."

"Wote, mama?"

Mama alishughulika na birika. "Kile cha mwaka juzi kilibaki kituo cha basi. Kile cha kabla yake sijui. Watu wanaogopa, Nilsa. Lakini nani ana roho ya kumwambia?"

"Kwa hiyo Arsenio hajawahi kupata hata kimoja?"

Mama alijaza tena birika lililokuwa limejaa, na Nilsa akapata jibu lake.

Alikichukua kifurushi, akavuka barabara. Mara mbili alifika langoni akarudi, akijifanya anatafuta paka wa sijui nani, mpaka Ña Deolinda mwenyewe akapaza sauti kutoka ndani: "Wewe, unacheza ngoma hapo nje? Ingia!"

Aliingia. Akakiweka kifurushi juu ya meza na kusema haraka, macho chini: "Ña Deolinda, naomba tukifungue. Tafadhali."

Bibi alikitazama kile kifurushi. "Tukifungue."

"Ni sheria ya safari. Lazima nijue ninachobeba."

"Unadhani nimetia nini humo? Bunduki?" Sauti yake ilipanda. "Wewe niliyekulisha kwa mkono huu! Mpwa wa muuza nyama alibeba changu na hakuuliza neno. Binti wa fundi cherehani alibeba changu. Hao walikuwa na adabu!"

Nilsa alitaka kusema ndiyo, walikuwa na adabu sana. Lakini joto lilimpanda shingoni, likafika mashavuni, likafika masikioni.

Ña Deolinda aliuona uso ule. Alikuwa amemjua tangu anatambaa.

"Mbona unaiva hivyo?"

Nilsa akageuza uso ukutani.

"Nilsa. Havikufika?"

Nilsa alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameshamtangulia.

Bibi alivuta kiti akaketi. Alikaa muda mrefu akisugua ukingo wa meza kwa kidole gumba, kana kwamba kuna doa. "Miaka minne," alisema hatimaye. "Nilimwekea jibini. Nilimwekea fulana. Hakusema asante hata siku moja, nami nikamnunia. Akipiga simu namwambia nina kazi, nakata. Nilisema, basi, Ulaya imemharibu mtoto wangu."

"Nisamehe, Ña Deolinda."

"Nikusamehe nini? Wewe ndiye uliyenijia." Akasimama ghafla, akachukua mkasi. "Haya. Tufungue hilo jambazi."

Uzi mwekundu ulikatika. Likatoka shati jeupe la ao po'i, kitambaa cha pamba cha kwao, lililotariziwa kifuani kwa mkono wake. Likatoka bonge la jibini. Ikatoka chupa ya jemu ya mapera, mizizi mikavu ya dawa ya tumbo, na mwisho, mifuko mitatu ya nailoni isiyo na maandishi yoyote, imejaa unga mweupe laini uliokandamizwa vizuri.

Wakatazamana.

"Wanga wa muhogo," alisema Ña Deolinda polepole. "Wa chipa, mikate yetu ya jibini."

"Najua."

"Jamani. Hata mimi ningekukamata." Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mwili mzima, huku amemshika Nilsa mkono. "Ungekwenda jela, mtoto wa watu, na mizizi yangu ya tumbo pembeni!"

Walivichambua pamoja. Jibini hairuhusiwi kuingia kule, wala mizizi. Jemu ingekwenda kwenye sanduku kubwa, ndani ya soksi. Wanga Nilsa angeununua upya dukani, kwenye pakiti yenye jina la kiwanda. Shati Ña Deolinda alilikunja upya mara tatu, kila mara akiona mkunjo wa kwanza ni bora.

Kisha akampigia Arsenio. Kule Hispania ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na sauti za sahani zilisikika.

"Ile jibini ya mwaka juzi," alisema bila salamu, "ulipata?"

"Jibini gani, mama?"

"Na fulana?"

Sahani zilinyamaza, kama vile alikuwa ametoka nje. "Mama, mimi sijapata kitu. Wenzangu wanaletewa na mama zao, nikadhani..." Hakumaliza. "Nikadhani umechoka na mimi."

Ña Deolinda aliziba simu kwa kiganja akaegemea ukuta. Nilsa akatoka taratibu, akawaacha.

Alasiri alisikia makofi langoni, halafu sauti nyingi. Ña Deolinda alikuwa amepita nyumba hadi nyumba, na sasa alikuja mbele akiwa na majirani sita nyuma yake.

"Kila mtu achukue chake afungue hapa mezani, mwenyewe, tuone wote!" aliamuru. "Huyu mtoto ana haya, hawezi kuwaambia. Mimi sina. Anayeona ameonewa aende akapeleke kwa miguu."

"Hata changu, Deolinda? Ni soksi tu!"

"Basi tuonyeshe soksi, una siri gani na soksi?"

Watu walicheka, mafundo yakaanza kufunguliwa. Nilsa alisimama karibu na sanduku lake, akipokea kitu kimoja kimoja kutoka mkono wa mwenyewe, akiuliza jina la atakayepewa na kuliandika, kisha akikipanga kwa mikono yake. Alipofika kwa Ña Deolinda alianza kumshukuru.

"Panga, panga," bibi alimwambia, akimpa lile shati. "Hapo juu, lisikunjamane. Umwambie alivae siku ya ubatizo wa mtoto wa Zunilda. Ameshaniahidi atakwenda."