Meno ya Mama Mkwe

Kontena la taka la mtaa ule lilikuwa la chuma, kimo chake kinakufika kidevuni, nalo lilikaa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi tangu zamani. Hakuna aliyelitazama. Watu walilifikia mbiombio, wakageuza uso, wakabana pumzi, wakarusha mfuko na kuondoka. Ungemwuliza yeyote lina rangi gani, angekujibu lina harufu.

Ndiyo maana asubuhi ile hakuna aliyejua kwamba ndani mlikuwa na mtu.

Tena si mtu wa hivihivi. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, mwenye ofisi na koti jeupe, na sasa alikuwa amezama hadi magotini katika maganda akitafuta meno ya mama mkwe wake. Aliyatengeneza mwenyewe wiki mbili nzima, seti ya juu na ya chini, akamvisha bibi wa watu mbele ya familia yote kama anayemvika taji. Mama mkwe akasema, "Asante, mwanangu," macho yakamlengalenga. Fundi akajua ni furaha.

Leo, siku ya tatu, kibakuli cha meno kilikutwa kitupu. Na ni fundi huyohuyo, kwa kiherehere cha kujionyesha mbele ya mkwe, aliyefagia chumba cha wageni jana na kutoa taka. Alikumbuka karatasi iliyoviringishwa, ina kitu kigumu ndani. Gari la taka hupita saa tatu, mama mkwe anaondoka saa nne. Akifika kwao na mdomo mtupu, ukoo mzima utamjua fundi ni mtu wa namna gani.

Karatasi aliipata. Ndani yake mlikuwa na meno ya chini tu.

Akainama kutafuta ya juu, mara mfuko wa maganda ya mayai ukampasukia begani. "Jamani, kuna mtu humu!" akapaza sauti.

"Mama yangu, taka zinaongea!" mrushaji akalia, na ndara zake zikasikika zikitokomea. Fundi akaona heri anyamaze. Akaja kinyozi wa kona, akageuza uso, akakung'uta gunia zima. Fundi, mwenye upara tangu ujana, akapata nywele za wateja thelathini kwa mpigo.

Hajamaliza kupiga chafya, kitu kidogo kikamgonga utosini, kikaangukia kiganjani. Meno ya juu!

"Haya, nendeni mkamng'ate mwingine," sauti ikasema kutoka nje. "Siku tatu mnanila mimi badala ya mimi kula."

Sauti ile aliijua. Akasimama. "Mama?"

Mama mkwe akakitazama kile kichwa kwa muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "umeota nywele lini?"

Kisha akaona kilichomo mkononi mwa fundi, akajifunika mdomo kwa pindo la kanga. Fundi naye alitamani gari la taka lije limchukue. Harufu aliivumilia, lakini hili lilimchoma moyo: yale machozi hayakuwa ya furaha hata kidogo.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Nikwambie vipi? Kila nikifungua mdomo unachungulia na kusema, 'Kazi safi hiyo!' Mkwe utamsutaje na kazi yake? Lakini kitanda usichokilalia, mwanangu, hujui kunguni wake."

Honi ya gari la taka ikalia pale kona. Fundi akayatazama meno yake mazuri, yaliyopangwa sawasawa kama mahindi ya gunzini. Watu mia wamepita mikononi mwake, na wote amewauliza swali moja tu: yanapendeza, eti?

"Yanauma wapi, Mama?" akauliza polepole. "Hebu fungua nione."

"Toka humo kwanza. Mimi sifungui mdomo jalalani."

Akamshika mkono, akamvuta hadi nje, wakaongozana kurudi nyumbani huku watu wakigeuza nyuso kumkwepa mwenye nywele. Mama mkwe akamweleza: ya juu yanakata ufizi upande wa kushoto, ya chini yanaruka akipiga miayo. Kisha, kwa kuwa mlango ulishafunguliwa, akaendelea na godoro la wageni, sukari ya kwenye chai na jinsi fundi anavyokoroma. Fundi akayasikiliza yote hadi mlangoni, kwa mara ya kwanza tangu aoe.